Msifyeke Kwanza: Kuuza Ardhi ya Familia Iliyo Pori Kando ya Ziwa

Familia nyingi zinazotujia sisi madalali na ardhi ya ziwani huwa zimeshakata shauri moja kabla ya kutupigia simu: kuita watu wa kufyeka. Sababu yao inaeleweka. Mzee aliiacha ikiwa msitu, watoto wametawanyika, kwa miaka hakuna aliyelala pale, na mnunuzi atakuja kutazama nini ikiwa hata maji yenyewe hayaoni? Basi wanataka matete yakatwe, miti ya ukingoni iangushwe na greda lipite, ndipo mahali papate sura ya kuuzika.

Tunawaomba wasubiri. Anayetafuta ufuko uliojitenga, usio na jirani wa kumchungulia, analipia kitu kilekile ambacho familia inataka kukiondoa. Kiwanja cheupe atakipata kwingine, tena karibu na lami. Kuna na hasara nyingine isiyoonekana siku ya kwanza. Mizizi ya ukingoni ndiyo inayoshika udongo. Ikiondoka, mvua huusukuma udongo huo ziwani pamoja na fosforasi iliyomo, mwani unastawi, na mnunuzi anayekuja miezi michache baadaye anakuta maji ya kijani, mazito kama uji. Matete nayo ni mazalia ya samaki. Zaidi ya hayo, nchi nyingi zinalinda mimea ya kingo za maziwa kwa sheria, kwa hiyo mtu anaweza kutozwa faini kwa shamba lake mwenyewe kabla hajapata hata mteja mmoja. Linalotosha ni njia nyembamba ya miguu kutoka barabarani hadi majini, ipinde kufuata miti, na sehemu moja au mbili za kusimama na kutazama. Mengine acheni kama yalivyo.

Pori halijawahi kutuchelewesha mauzo. Yanayochelewesha ni maswali matatu ambayo familia haina majibu yake kwenye karatasi: ardhi inaishia wapi, inafikiwaje, na ni ya nani hasa.

Mpaka unaohama

Pande tatu za ardhi yenu zina mawe ya mpaka. Upande wa nne ni maji, na maji hayana kawaida ya kutulia. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964, likashuka sana kufikia 2006, kisha Mei 2020 likavuka hata kile kiwango cha 1964. Maziwa ya Michigan na Huron huko Amerika Kaskazini, ambayo kwa kiwango cha maji huhesabiwa kama ziwa moja, yalifika juu kabisa mwaka 1986 na chini kabisa Januari 2013; tofauti ni karibu mita 1.9.

Mita mbili zinaweza kuonekana kidogo mpaka mtu apige hesabu. Kwenye ufuko tambarare ambao ardhi inainuka sentimita 2 tu kwa kila mita unayotembea, ziwa likipanda mita 1 maji yanaingia mita 50 ndani. Kwenye ukingo wa mawe ulioinuka ghafla, mita hiyohiyo haichukui kitu cha maana. Ndiyo maana tukifika kwenye ardhi jambo la kwanza tunalolitazama ni mwinuko, mandhari baadaye. Mchanga mweupe unapendeza kwenye picha, lakini tukipewa nafasi ya kuchagua tungependa kuuza jabali.

Halafu kuna swali la kisheria: mpaka wa mwenye ardhi unafuata mstari gani? Kwingine ni alama ya kawaida ya maji ya juu, kwingine ni maji ya chini, kwingine ni mstari uliochorwa kwenye ramani ya upimaji miaka mingi iliyopita na sasa uko ndani ya ziwa. Sheria za asili ya Kiingereza zinatofautisha mabadiliko ya polepole na ya ghafla. Ziwa likikuongezea mchanga kidogo kidogo kwa miaka, mpaka husogea pamoja nalo. Dhoruba ikibadili ukingo kwa usiku mmoja, mpaka hubaki ulipokuwa. Na kumiliki hadi majini hakukupi lazima haki ya kuwafukuza wapitao. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya jimbo la Michigan, Marekani, iliamua kwamba umma una haki ya kutembea kando ya Maziwa Makuu ya huko chini ya alama ya kawaida ya maji ya juu, hata kama ardhi hiyo ina mwenyewe. Kabla ya kuandika “ufuko binafsi” kwenye tangazo, muulizeni mwanasheria wa mahali ardhi ilipo.

Ongezeni na hifadhi ya ukingo. Tanzania, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Uganda imeweka mita 200 kwa maziwa makubwa kama Victoria. Uswidi kwa kawaida ni mita 100. Chukua kipande chenye kina cha mita 250 kutoka majini kwenda bara: chini ya kanuni ya mita 200, sehemu ya kujenga ni mita 50 za nyuma. Bado kinauzika, ila kwa mnunuzi mwingine na kwa bei nyingine. Afadhali mlijue hilo nyinyi mapema kuliko kuambiwa na mhandisi wa mnunuzi wakati mkataba uko mezani.

Kuhusu bei, ardhi ya namna hii hupimwa zaidi kwa mita za ufuko kuliko kwa ekari, na hapo watu hugombana bila sababu. Ukingo wenye vijighuba una urefu gani? Ukiufuata kwa kamba unapata namba moja, ukipiga mstari kutoka jiwe hadi jiwe unapata nyingine, ndogo zaidi. Mwanahisabati Benoit Mandelbrot alilijadili jambo hili mwaka 1967 kwa mfano wa pwani ya Uingereza: kadiri kipimo kinavyokuwa kifupi, ndivyo ufuko unavyozidi kurefuka. Sisi tunaandika namba zote mbili kwenye tangazo na kueleza kila moja ilivyopatikana.

Njia ya kufika

Ukimya ambao mnunuzi anautaka unatokana na kukosa barabara, na kukosa barabara ndiko kunakomkimbiza. Mara nyingi familia imepita kwa jirani tangu enzi za wazee wao, kwa maelewano ya mdomo. Ruhusa hiyo ni ya watu wawili waliopatana. Haiambatani na ardhi, na jirani akifariki au akiuza, geti linaweza kufungwa kesho yake. Nendeni kwa jirani sasa, wakati hamna haraka, mkaombe haki ya njia iandikwe, ipimwe na isajiliwe kwenye hati zote mbili. Akijua tayari kuna mnunuzi anasubiri, bei ya hisani yake itapanda. Ikiwa ardhi inafikiwa kwa mashua tu, isemwe wazi katika sentensi ya kwanza. Wapo wanaotafuta hicho hasa.

Angalieni na upande wa pili: nani anapita kwenu? Ardhi isiyokaliwa haikosi watu. Wavuvi wanaegesha mitumbwi, mtu amelima kona moja, watoto wana njia yao ya kwenda kuogelea. Katika sheria ya Uingereza, kupita wazi kwa miaka 20 bila kuomba ruhusa kunaweza kuzaa haki ya njia. Kenya, Uganda na Tanzania zina kipindi cha miaka 12 ambacho kikipita, mwenye ardhi aliyenyamaza anaweza kukwama akitaka kumwondoa aliyeikalia. Hatushauri kuwafukuza watu kwa kishindo wiki moja kabla ya kuuza. Zungumzeni nao, andikeni makubaliano, na mnunuzi ayaone. Mvuvi anayeijua ardhi hiyo kuliko nyinyi mara nyingi ndiye mlinzi bora atakayempata.

Ya nani?

Hapa ndipo mauzo mengi hufa. Hati iko kwa jina la marehemu, mirathi haikufunguliwa, na “familia imekubali” maana yake ni watu wanne kati ya saba. Mwenye sauti kubwa kwenye simu si lazima awe na mamlaka ya kutia saini. Tunachohitaji ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na orodha ya warithi wote, pamoja na yule aliyehama na asiyepokea simu.

Ndugu mmoja akikataa, msikimbilie mahakamani. Mnada wa amri ya mahakama mara chache huleta bei nzuri. Marekani familia nyingi zilipoteza ardhi kwa njia hiyo, mpaka mwaka 2010 ikaandikwa sheria ya mfano kwa ajili ya ardhi ya warithi: mmoja akienda mahakamani kutaka iuzwe, wengine wanapewa kwanza nafasi ya kumnunulia fungu lake kwa thamani iliyopangwa na mahakama. Hamhitaji hakimu kufanya vivyo hivyo. Mleteni mthamini asiye na upande, kisha anayetaka kubaki aambiwe bei ya mafungu ya wenzake na apewe muda wa kutafuta fedha.

Makaburi yanahitaji kifungu chake. Haki ya kuyatembelea, njia ya kuyafikia na eneo lililopimwa kuyazunguka viingie kwenye hati ya uhamisho. Ahadi ya mnunuzi wa kwanza, hata akiwa mtu mwema, haimfungi wa pili.

Hilohilo ni kweli kwa familia inayotaka pori libaki pori. Inawezekana. Tangu mwaka 1848, katika kesi ya bustani ya Leicester Square, mahakama za Uingereza zimekubali kwamba sharti la kutojenga linaweza kumfunga hata mnunuzi wa baadaye aliyelijua. Siku hizi nchi kadhaa zina utaratibu rasmi wa kusajili sharti la hifadhi, na taasisi ya kulisimamia. Bei hushuka, na anayewaambia haishuki anawadanganya. Lakini hupungua pia idadi ya watu wanaokuja kuwapotezea muda.

Kugawa viwanja? Kwenye karatasi jumla huwa kubwa zaidi. Toeni gharama ya upimaji, barabara ya kila kiwanja na miaka ya kusubiri, na kumbukeni kwamba kiwanja cha kwanza kikijengwa, vilivyobaki havijajitenga tena. Kwa kipande kidogo tunashauri mnunuzi mmoja.

Tangazo lenyewe ni kazi nyepesi. Picha zipigwe kutoka majini na kwa droni, msimu wa maji mengi na wa maji machache, na mahali kamili pasitajwe hadharani. Anayetaka kuona aje na mtu wetu. Tukijua mashamba yaliyo juu yanamwaga nini ziwani, au kwamba ghuba hujaa magugu maji kila mwaka, au kwamba kuna kichocho, tunalisema kabla ya ziara.

Mkija kwetu mara ya kwanza, leteni nakala ya hati au barua yoyote ya umiliki, ramani ya upimaji hata kama imechakaa, cheti cha kifo cha aliyetajwa kwenye hati, na majina ya warithi wote. Kama kuna picha za zamani za ukingo, zenye mwaka nyuma, leteni hizo pia: zinatuonyesha maji yalikuwa wapi.