Ushuru wa pensheni umeondolewa, lakini waliokatwa kimakosa bado wanadai

Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliisifu katika gazeti lako Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Ushuru ya 2024 ya hapa Kenya, iliyoondoa ushuru kwenye pensheni za wastaafu, akasema kwamba hapo awali kila mstaafu wa serikali alikuwa akikatwa ushuru na kwamba sasa sote tumepumua. Sheria hiyo ni njema na sina nongwa nayo. Maelezo yake ndiyo hayakuwa sawa, tena yanafunika haki ya watu ambao bado wanaidai serikali.

Kabla ya tarehe 27 Desemba 2024, sheria hiyo ilipoanza kutumika, shilingi 25,000 za kwanza za pensheni ya kila mwezi hazikutozwa ushuru, na aliyetimiza umri wa miaka 65 hakutozwa chochote kwenye pensheni yake, hata iwe kubwa vipi. Aliyekuwa akiumia ni yule aliyestaafu akiwa na miaka 60 na pensheni iliyonona kidogo, naye aliumia kwa miaka mitano. Chukua mtu wa shilingi 60,000: ukitoa zile 25,000 zabaki 35,000, ambazo 24,000 za mwanzo zilitozwa asilimia 10, 8,333 zilizofuata asilimia 25 na masalio asilimia 30, kisha ikaondolewa nafuu ya shilingi 2,400 anayostahiki kila mlipa ushuru mkazi. Alikatwa kama shilingi 2,883 kwa mwezi. Mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu zamani kwa pensheni ya shilingi 14,000 hakuwa akikatwa hata senti, hivyo sheria mpya haikumzidishia kitu, na kumwambia ashangilie ni kumfanyia stihizai.

Mimi nilizaliwa Septemba 1956, nikastaafu 2016. Nilipotimiza miaka 65 nilingoja makato yakome, wala hayakukoma. Nilidhani ni ule uzito wa kawaida wa maofisi, nikanyamaza, na kwa hilo najilaumu. Nilipokwenda kuuliza hatimaye, karani mmoja, kijana mwenye adabu, alinigeuzia skrini ya kompyuta nijionee mwenyewe: mwaka wangu wa kuzaliwa ulikuwa 1959. Kwenye kibodi, katika ule mraba wa tarakimu ulio kando, 9 imekaa juu ya 6, na kidole cha mtu kilipanda safu moja. Kidole hicho kilinigharimu makato ya miezi 36, kuanzia Septemba 2021, jumla yake ikiwa zaidi ya shilingi laki moja.

Kuondolewa kwa ushuru wote kumelifanya kosa la aina hii lisionekane tena. Mzee ambaye umri wake umeandikwa visivyo hakatwi leo, pesa zinaingia kamili, naye hana sababu ya kufukua makaratasi ya nyuma. Pale barazani kwetu Kibokoni, yuko aliyeamini kwamba serikali imemwongezea pensheni! Ilhali sheria inampa mlipa ushuru wa mapato miaka mitano tu ya kuomba arejeshewe alichotozwa zaidi, ikihesabiwa tangu siku aliyolipa. Maana yake ni kwamba makato ya mwisho wa 2021 yanapitwa na wakati mwisho wa 2026, na kila mwezi unaofuata unazika mwezi mwingine wa madai.

Maombi yenyewe hupitia iTax, mtandao wa Mamlaka ya Ushuru, na mzee wa miaka 70 asiyekumbuka nywila yake hulazimika kumtegemea kijana wa saiba, amkabidhi nambari yake ya ushuru na siri zake zote. Haifai iwe hivyo. Ofisi inayotunza mafaili ya pensheni inayo nakala ya kitambulisho cha kila mmoja wetu. Na ilinganishe tarehe za kuzaliwa zilizo katika kompyuta na zile za vitambulisho, itoe orodha ya waliokatwa baada ya kutimiza miaka 65, na kuipeleka yenyewe kwa Mamlaka ya Ushuru, badala ya kungoja kila mzee agundue peke yake. Kwa sasa, mstaafu yeyote aliyetimiza umri huo kabla ya Desemba 2024 naomba atazame hati zake za malipo za tangu 2021, aangalie kama mstari wa PAYE, yaani ushuru unaokatwa kwenye malipo ya kila mwezi, una sufuri au una pesa.

Mstaafu,
Kibokoni, Mombasa