Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Dunia Ilivyopita Bagamoyo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Assalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Kwa niaba ya wanaklabu wa historia, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kuketi nasi hapa Bagamoyo. Karibu sana.

Klabu yetu inasoma historia ya dunia, tangu Misri ya mafarao hadi uhuru wa nchi za Afrika. Wanafunzi wengi hulikimbia somo hili kwa kuona ni orodha ya wafalme wa mbali, ya kukariri usiku wa kuamkia mtihani. Sisi tumeamua kulianza kwa mlango wa nyuma: tunachukua kitu kilichopo hapa wilayani, kisha tunauliza kilitoka wapi na kilikwenda wapi.

Tulianzia kwenye magofu ya Kaole. Pale kuna msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo ndefu. Nguzoni kuna vishimo vya duara ambamo zilipachikwa bakuli za kaure kutoka China. Bakuli hizo zilipita bandari kwa bandari, mkono kwa mkono, hadi kaskazi ilipovuma na majahazi kushuka pwani yetu. Kusi ikianza, majahazi yalirudi na pembe za ndovu na boriti za mikoko. Anayeuliza habari za bakuli moja tu hulazimika kusoma habari za China, India na Uajemi. Atafika pia Kilwa, mji uliotajirika kwa dhahabu ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, ambao Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, aliutembelea mwaka 1331 na kuusifu, na ambao Wareno waliupora mwaka 1505.

Roma nayo haiko mbali. Kitabu cha mabaharia cha karne ya kwanza, enzi za dola ya Roma, kilichoandikwa kwa Kigiriki, kinataja bandari ya Rhapta katika pwani hii. Wataalamu hawajakubaliana ilikuwa wapi, na wanaklabu ndiyo kabisa: wenyeji wa hapa wanadai ni kwetu, na mwenzetu aliyetoka Rufiji hataki hata kusikia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kilichotushughulisha kuliko vyote ni karne ya 19. Kila mtoto wa Bagamoyo anajua habari za watumwa, na ni haki azijue. Lakini mara nyingi tunasikia wageni wakielezwa kwamba kila aliyebeba mzigo kutoka Tabora na Ujiji alikuwa mtumwa. Si kweli. Wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, wakitembea zaidi ya kilomita 1,000 na mzigo wa karibu kilo 30 begani. Waligoma pia, na walipoona wanapunjwa walitua mizigo na kuondoka. Kuwaita wote watumwa ni kuwanyang'anya historia yao ya kazi.

Na zile pembe walizobeba? Kutoka hapa zilivushwa hadi Unguja, na nyingi zikaishia Marekani, katika jimbo la Connecticut, ambako zilipasuliwa kuwa vibao vyembamba vya kufunika vibonyezo vya piano. Familia za kule zilipokuwa zikijifunza nyimbo sebuleni, vidole vyao viligusa pembe iliyopita kwenye mitaa yetu. Tuliposomeana habari hii klabuni, hata wale wa michepuo ya sayansi waliacha kusinzia.

Kuna pia habari ya Chuma na Susi, watumishi Waafrika wa mmisionari na msafiri David Livingstone, waliosaidia kuubeba mwili wake kutoka Zambia ya leo hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Livingstone alizikwa London mwezi Aprili. Chuma na Susi hawakuwapo mazishini. Tumelijadili sana jambo hilo, na bado linatuuma.

Ukoloni tunaupitia kwa haraka, maana vitabu vya shule vimeujaza. Tutaje tu kwamba Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani wa pwani mwaka 1888 na kunyongwa Pangani Desemba 1889, alipigwa na jeshi la ofisa Mjerumani Wissmann ambalo askari wake wengi walikuwa Wasudani waliokusanywa Misri na Washangani kutoka Msumbiji. Ujerumani ilitoa maofisa na mizinga.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunazo changamoto. Ramani yetu ya dunia imechanika, na bado inaonyesha Umoja wa Kisovyeti, dola iliyovunjika mwaka 1991, kabla hata hatujazaliwa. Hatuna projekta. Wazee wanaokumbuka simulizi za babu zao waliokuwa wapagazi wanazidi kupungua, nasi hatuna kinasa sauti.

Tunaomba utusaidie kupata ramani mpya, kinasa sauti kimoja, na usafiri wa kwenda Kilwa Kisiwani wakati wa likizo. Chakula cha njiani wazazi wetu wameahidi kukigharamia. Kama nafasi itaruhusu, tunakukaribisha baada ya hafla hii twende pamoja Kaole. Mwenzetu wa Rufiji ameomba akueleze hoja zake njiani.

Tunaomba kuwasilisha.