Kabla ya Kujalidi Tasnifu, Linganisha Marejeleo

Kosa linalorudisha tasnifu nyingi kwa mwanafunzi ni orodha ya marejeleo kutolingana na matini. Mwandishi katajwa sura ya pili, mwishoni hayupo; au yupo mwishoni, ndani hajatajwa popote. Anzia hapo kabla ya kugusa nukta na mikato. Bonyeza Ctrl+F, tafuta kila jina lililo kwenye orodha, kisha pitia matini ukithibitisha jina na mwaka. Ukiandika 2018 ndani na 2019 mwishoni, mtahini ataona vyanzo viwili.

Vyuo vingi hutumia APA, mtindo wa kuandika marejeleo wa American Psychological Association, na toleo la 7 lilitoka mwaka 2019. Mji wa mchapishaji hauandikwi tena. Waandishi huorodheshwa wote hadi 20, lakini ndani ya matini, wakiwa watatu au zaidi, unamtaja wa kwanza “na wenzake” tangu mara ya kwanza. Julius Kambarage Nyerere anakuwa Nyerere, J. K. Kwenye makala ya jarida, angalia 14(2), 33–51, yaani juzuu la 14, toleo la 2, kurasa 33–51: jina la jarida na 14 huwekwa herufi za mlazo, (2) inabaki wima, na kati ya 14 na (2) hakuna nafasi. Mwongozo wa chuo chako ukisema vinginevyo, fuata wa chuo.

Utajo ulionakiliwa kutoka Google Scholar uhakiki kwa makala yenyewe. Mara nyingi unakuja bila DOI, namba ya kudumu inayotambulisha makala mtandaoni.

Sasa mpangilio, ambao ndio unaotula muda kuliko yote. Mstari wa pili wa rejea uingie ndani sentimita 1.27. Usiusukume kwa nafasi wala kwa Enter. Kwenye Word, chagua orodha yote, bonyeza Ctrl+T. Ukikata rejea kwa Enter, Word inahesabu aya mbili. Siku ukibonyeza A-Z kupanga orodha kialfabeti, nusu ya pili inayoanza na “Dar es Salaam University Press” inahamia kwenye D, na rejea inabaki kichwa bila mkia. Ctrl+Shift+8 itakuonyesha alama za aya. Futa zilizo katikati ya rejea, ndipo upange.

Ukituletea kazi tuinyooshe, leta faili la Word, si PDF, pamoja na mwongozo wa chuo. Rejea iliyokosa mwaka au kurasa tunaipaka njano na kukurudishia ukatafute chanzo. Hatujazi taarifa za kubuni.