Hesabu za TRA na hesabu za benki: kwa nini tunakuandalia seti moja tu

Ombi hili huja zaidi kati ya Aprili na Juni, wakati kampuni zinazofunga mwaka Desemba zinakimbizana na ritani ya mwisho wa mwaka. Mwenye biashara anataka hesabu mbili: za TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) ziwe na faida ndogo, za benki ziwe na faida ya kumlainisha ofisa mikopo. Mara nyingi anayeomba si mwizi. Ameambiwa na wenzake sokoni kwamba ndivyo mambo yanavyokwenda. Jibu letu kama ofisi ya uhasibu ni hapana, na hapa tunaeleza sababu kwa tarakimu, maana hapana kavu haimsaidii mtu anayehitaji mkopo.

Chukua mfano wa kubuni: kampuni inayouza vifaa vya ujenzi. Hesabu za benki zinaonyesha mauzo ya shilingi milioni 480 bila VAT (kodi ya ongezeko la thamani) na faida ya milioni 90. Za TRA zinaonyesha mauzo ya milioni 290 na faida ya milioni 20. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, kwa hiyo hesabu za benki, ili zifunge, lazima zionyeshe kodi ya milioni 27. TRA imepokea milioni 6. Ile milioni 21 iliyobaki haina pa kukaa. Ukiandika kwamba imelipwa, taarifa ya akaunti yako haionyeshi ikitoka. Ukiandika kwamba inadaiwa, cheti ulichompelekea ofisa mikopo kwa mkono wako kinasema hudaiwi kodi.

Upande wa TRA nako kuna shimo. Tofauti ya mauzo ni milioni 190, na VAT yake kwa asilimia 18 ni milioni 34.2. Kama hesabu za benki ndizo za kweli, jumlisha na ile milioni 21, unapata milioni 55.2 zilizofichwa, kabla ya riba na adhabu. Na hazijafichika sana. Waliokuuzia simenti na mabati wametoa risiti za EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi) zenye TIN yako, yaani namba yako ya mlipakodi. Kama umenunua mzigo wa milioni 380, ukadai VAT uliyolipia, kisha ukasema umeuza milioni 290 tu, basi stoo yako ingepaswa kuwa imejaa hadi darini. Mkaguzi atakuja kuichungulia. Pesa za lipa namba nazo zina kumbukumbu zake.

Hata mwaka wa kwanza ukipita salama, wa pili una mtego wake. Bakaa iliyofunga mwaka ndiyo inayofungua mwaka unaofuata. Seti mbili za hesabu zina bakaa mbili za stoo, mbili za wadaiwa na mbili za faida limbikizi, na zote zinataka kutunzwa kila mwaka. Kwa kawaida faida ya kubuni huishia kwenye wadaiwa au stoo, kwa sababu fedha taslimu benki huwezi kuzibuni bila kughushi taarifa ya akaunti. Ofisa mikopo mzoefu anajua hilo. Akikuta wadaiwa wa milioni 160 kwenye mauzo ya milioni 480, anapiga hesabu ya haraka: ni siku 122 za mauzo, ilhali duka linauza taslimu kaunta. Hapo maswali yanaanza.

Mkopo ukipitishwa kwa hesabu hizo, usishangilie mapema. Rejesho la milioni 5 kwa mwezi ni milioni 60 kwa mwaka. Faida ya kwenye karatasi, milioni 90, inalibeba; faida ya kweli ikiwa milioni 45, hailibebi, na iliyowekwa dhamana ni nyumba.

Sasa upande wetu. Mhasibu aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu Tanzania, anafungwa na kanuni za maadili za kimataifa za taaluma, zenye misingi mitano: uadilifu, kutopendelea, umahiri na uangalifu, usiri, na mwenendo wa kitaaluma. Uadilifu unamkataza kuhusishwa na taarifa anayojua kuwa inapotosha, na amri ya bosi haimkingi. WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani, ilipoanguka mwaka 2002, hatua ya kwanza ya uchunguzi ilifichua gharama za kawaida za dola bilioni 3.8 zilizoandikwa kama mali ili faida ipande. Miongoni mwa waliohukumiwa alikuwamo mhasibu wa ngazi ya kati aliyeingiza tarakimu hizo kwa maagizo ya wakubwa wake. Mwaka 2005 alipewa miezi mitano jela. Mteja anayetuomba tuandike matairi na sevisi ya Fuso kama “mali mpya” anaomba jambo lilelile, kwa kiwango cha duka.

Kuna maombi mengine mawili tunayoyakataa kwa sababu hiyohiyo. La kwanza: “Andikeni vitabu, halafu mvikague nyie wenyewe, iwe bei nafuu.” Anayekagua kazi ya mkono wake hawezi kuiona kwa jicho la mtu wa nje, kwa hiyo tukikuandalia vitabu, ukaguzi utafanywa na ofisi nyingine. La pili: ada ya asilimia ya kodi “tutakayoipunguza”. Hiyo inatupa sababu ya kupindisha hesabu zako. Tunatoza kwa kazi iliyofanyika, bei ikijulikana mapema.

Kuhusu usiri: mambo yako hatuyapeleki kwa jirani, mshindani wala shemeji yako. Usiri huo una mipaka, hata hivyo. Sheria ya kuzuia utakasishaji wa fedha haramu inawataka wahasibu watoe taarifa ya miamala ya kutiliwa shaka, na inakataza kumdokeza mhusika.

Kazi ngumu zaidi iko mahali ambapo hakuna uongo wa wazi. Mifuko 300 ya simenti iliyonunuliwa kwa milioni 4.8 imepata unyevu. Kwa TRA ungependa isomeke sifuri. Kwa benki, isomeke 4.8. Sisi tunauliza itauzika kwa kiasi gani baada ya kutoa gharama za kuiuza. Ikiwa ni milioni 1.5, inaandikwa 1.5, na benki na TRA wote wanasoma tarakimu moja. Tunataka mifuko ihesabiwe mbele ya watu wawili, karatasi isainiwe, picha zipigwe siku hiyo. Ada ya shule ya mtoto si gharama ya biashara hata kama ililipwa kwa akaunti ya kampuni; inaandikwa kama deni ambalo kampuni inamdai mkurugenzi. Tusipoelewana, tunaweka msimamo wetu kwa maandishi, mhasibu wa pili ofisini anapitia, kisha tunakutana na wakurugenzi wote. Tukishindwa kabisa, tunakurudishia nyaraka zako na kujitoa.

Kabla ya kufika huko, yapo mengi halali ambayo wengi huyaacha mezani. Kompyuta za milioni 8 zinakupa punguzo la uchakavu la asilimia 37.5 mwaka wa kwanza, yaani milioni 3 zinazotolewa kwenye faida inayotozwa kodi. Hasara ya mwaka jana inaweza kuvushwa kuja mwaka huu. Makadirio ya kodi yakizidi hali halisi, yarekebishe ndani ya mwaka badala ya kungoja Juni. Gharama nyingi hukataliwa kwa kukosa risiti tu. Kodi ikikuelemea, unaweza kuiomba TRA ulipe kwa awamu. Na kama ritani zilizopita zilionyesha kodi pungufu, ni heri kwenda kuzisahihisha mwenyewe kabla barua ya ukaguzi haijafika. Benki nayo, mara nyingi mchanganuo wa fedha zinazoingia na kutoka mwezi kwa mwezi huieleza biashara ya msimu vizuri kuliko faida iliyotiwa chumvi.

Kwa kikao cha kwanza njoo na taarifa za akaunti zote za miezi 12, zikiwamo za simu, ripoti za Z (za mauzo ya kila siku) za mashine ya EFD, ritani za VAT, risiti za manunuzi, mikataba ya mikopo, orodha ya wadaiwa yenye tarehe, na hesabu za mwaka uliopita. Kama zipo seti mbili, lete zote mbili.