Barua kwa Mwanangu: Nimefika Little Steeping

Mwanangu Salome,

Marahaba. Nimecheka uliponiuliza mama yako yuko Uingereza gani isiyo na ghorofa hata moja. Niko Lincolnshire, mashariki, karibu na bahari. Huku ni shamba tu: kabichi, viazi, kondoo, na mifereji kila upande, maana bila kuyatoa maji nchi yenyewe ingekuwa tope. Na upepo wa huku usiuombe.

Jumapili sikuwa na zamu kwa wale wazee ninaowatunza, nikaomba lifti hadi Little Steeping, kijiji cha karibu na Spilsby. Jina hilo nililisikia Masasi kwa babu yako kabla sijajua Uingereza iko wapi. Alikuwa akisema, "Askofu Steere alitoka Stipingi," nasi watoto tukidhani Stipingi ni mji mkubwa wenye askari na taa. Kumbe ni nyumba chache, mashamba, na kanisa la Mtakatifu Andrea. Mtandi yetu ya Masasi inaizidi mbali.

Kanisa limejengwa kwa jiwe la kienyeji lenye rangi ya kijani. Ukipitisha kidole ukutani, chembe zinabaki kwenye ncha kama sukari guru. Ndani kuna ubaridi wa jiwe na harufu ya mishumaa, kama kwetu, ila kwetu kuna popo.

Kilichonishika muda mrefu ni sanamu ya padri wa karne ya 14, Thomas de Reding, aliyekuwa padri wa mtaa huo, yaani parokia. Amelala chali, amevaa nguo za misa. Sanamu hiyo kwa miaka mingi ilikuwa imegeuzwa kifudifudi na kufanywa ngazi ya kuingilia madhabahuni. Watu wakikanyaga mgongo wa padri wao wakienda kupokea ushirika, wasijue! Ilikuja kuonekana mwanzoni mwa karne ya 20, kanisa lilipokuwa likikarabatiwa. Nilisimama pale nikamwomba radhi, kama mjinga.

Sasa Steere. Alikuwa mwanasheria wa London aliyeacha sheria akawa padri. Alihudumu Skegness hapo pwani, na wakulima wakampenda. Walisema ni mtu wa kukunja mikono ya shati. Baadaye akapewa mtaa wa Little Steeping. Rafiki yake Tozer alikuwa padri wa Burgh le Marsh, maili chache tu kutoka hapo. Tozer alipofanywa askofu wa UMCA, ile misheni ya Kianglikana ya Afrika ya Kati, Steere akamwambia atamsindikiza kidogo. Kidogo hicho kilikula miaka: waliondoka 1863, na 1864 wakahamishia misheni Zanzibar. Mtaa wake ukabaki ukimngoja.

Alirudi 1868. Na hapa ndipo nilipokaa kwenye benchi nikatafakari, mwanangu. Kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilitoka 1870, na kile cha hadithi za Kiswahili mwaka huohuo, naye bado ni padri wa Little Steeping. Yaani Jumatatu anazika mzee wa kijijini, Jumanne anahangaika na ngeli za ki- na vi-! Katikati ya kondoo! Sijui mke wake alimvumiliaje.

Mwaka 1872 akarudi Zanzibar, akawa askofu 1874. Kanisa la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, ni kazi yake. Paa lake la mawe ya matumbawe na saruji watu walisema litaanguka, mpaka leo lipo. Alifariki Agosti 1882, akazikwa humohumo, nyuma ya madhabahu.

Lakini Kiswahili hakukiokota njiani. Alifundishwa. Mwenyewe aliandika habari za Sheikh Abdul Aziz, aliyejitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi kabisa. Sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kisomi mno kwa matumizi ya misheni, kazi ikaishia Zaburi ya 6. Mimi ningelipa nauli kuzisoma hizo sita. Nani kwetu anamtaja Sheikh huyo? Tunataja Steere, basi.

Waingereza kwa kuandika hawajambo. Tangu 1538, enzi za Mfalme Henry wa Nane, kila mtaa uliamriwa kuwa na daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Maskini wa miaka 400 iliyopita, asiye na shamba wala kuku, jina lake laweza kuwa limo.

Sisi je? Steere alipotoka Zanzibar 1876 na kundi la watumwa walioachwa huru, wakapanda kutoka Lindi wakilenga Ziwa Nyasa, wakafika Masasi wakaona ardhi nzuri wakakaa, babu wa babu yako alikuwamo. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa. Alibatizwa akapewa jina la Kizungu, nalo ndilo tunalolitumia. Lile alilopewa na mama yake simjui wa kumuuliza ila bibi yako, na bibi siku hizi anasahau hata alipoweka miwani.

Kwa hiyo likizo ukienda Masasi, usimuulize usiku, usiku anachoka. Muulize asubuhi akiwa anabangua korosho, hapo ndipo anapozungumza. Chukua daftari, si simu, simu anaiogopa. Akikwambia jina, andika na namna anavyolitamka, hata kama herufi hazitoshi.

Kilemba nilichokutumia kipo kwa shangazi yako Mtwara.

Mama yako