Tunaomba maandishi, siyo picha ya maandishi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Mimi ni mkulima wa zabibu hapa Hombolo. Mwaka jana binti yangu aliniletea kifaa cha kusomea vitabu, kile chenye kioo cha wino wa kielektroniki. Nilikicheka, baadaye nikanogewa. Simu saa saba mchana shambani inanionyesha uso wangu tu. Hiki, jua likizidi ndipo herufi zinapokolea, na chaji inakaa wiki kadhaa. Kwa jua la Dodoma, na umeme wetu huu, nikasema nimepata mwenzangu.

Shida ilikuja na PDF, faili ambalo ukurasa wake hubaki vilevile ulivyopangwa, kioo kiwe kikubwa au kidogo. Majani yalipoanza kupakwa weupe wa ugonjwa wa ubwiri unga, afisa ugani alinitumia mwongozo wa zabibu. Kuufungua: sisimizi watupu! Nikaazima rula ya mjukuu. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210, kioo changu 90. Ukurasa mzima umebanwa humo, herufi hazifiki hata nusu ya ukubwa wake. Nikikuza, mstari unakatika. Jedwali la dawa ndilo lilinitoa jasho: gramu za salfa upande huu, lita za maji upande wa pili, na hadi nivuke huko nimeshasahau nilikuwa mstari gani. Nusura nichanganye dozi maradufu.

Binti akasema tuugeuze uwe EPUB, ambayo maneno yake hujipanga upya kufuata kioo. Wapi! Kumbe mwongozo ulichapwa, ukasainiwa, ukagongwa mhuri, halafu ukaskaniwa. Yaani ni picha za karatasi. Ukurasa wa 9 hadi kidole cha aliyeskani kimo.

Sina ugomvi na mhuri. Lakini aliyeandika mwongozo aliuandika kwenye kompyuta, na faili lile bado analo. Basi mnaotoa miongozo, wekeni yenye mhuri kwa anayetaka ushahidi, na pembeni muweke EPUB kwa anayetaka kusoma. Ikishindikana, hata PDF ya ukurasa mdogo, A6 hivi, tutashukuru.

Mimi niliishia steshenari mjini, shilingi 200 kila ukurasa, kurasa 32. Makaratasi yako stoo, juu ya bomba la dawa, na lile la jedwali limeshalowa.

Mkulima wa zabibu,
Hombolo, Dodoma