Kioo cha Mombasa Chataka Maji Matamu Kabla ya Dawa

Upepo wa kusi ukianza, simu zetu sisi waosha madirisha huleta malalamiko yale yale: "Nimefuta dirisha jana, leo lina ukungu tena." Wengi wanaopiga wanakaa Nyali, Shanzu au Kizingo, nyumba zinazotazama bahari. Na wengi huwa wameshanunua chupa ya pili ya dawa ya kusafishia vioo, yenye harufu ya kupanda puani, kwa kudhani ile ya kwanza haikuwa kali vya kutosha.

Ukungu huo ni chumvi. Mawimbi yakipasuka, upepo hubeba matone madogo mno, yakaja kukauka kiooni. Chumvi huyeyuka kwa maji matamu, basi. Ukipulizia dawa kidogo kisha ukafuta, unaiburura chumvi pamoja na mchanga juu ya kioo, na mikwaruzo inayobaki haitoki tena. Kwa hiyo kabla ya kuuliza dawa gani, osha dirisha kwa maji mengi.

Ila maji nayo yana mambo yake. Nyumba nyingi hapa zinategemea kisima, na visima vyetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kwa hiyo maji yake yamejaa chokaa. Yakikauka huacha madoa meupe ya duara, hasa kwenye kioo cha bafuni. Mteja wetu mmoja wa Tudor alikuwa amesugua madoa hayo kwa waya wa kuoshea sufuria. Tulilowesha kitambaa kwa siki nyeupe tupu, tukakibandika kiooni robo saa. Tulipokibandua, doa lilitoka kwa kupitishwa kidole tu. Alama za waya zilibaki, na hizo hatukuweza kumsaidia.

Siki ya dukani ina asidi kama asilimia 5, na asidi ndiyo inayoyeyusha chokaa. Kwa sababu hiyo hiyo, iepushe na marumaru, terazo na kuta za chokaa za Mji wa Kale. Itazila kama inavyokula lile doa. Kwa usafi wa kawaida, kikombe kimoja cha siki kwa vikombe vinne vya maji kinatosha. Dirisha la jikoni lenye mafuta, ongeza tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Usitie sabuni ya mche: ikikutana na siki hukatika, ikaacha utando wa mafuta kiooni.

Na maji ya kuchanganyia? Tega ndoo chini ya bomba la AC. Yale maji yanayodondoka kutwa ni mvuke wa hewa uliopoa, hayana chumvi wala chokaa. Hayafai kunywa, lakini kwa kioo sijaona mazuri zaidi, isipokuwa ya mvua.

Ukipendelea kununua dawa iliyo tayari, geuza chupa usome nyuma. Picha ya jani na neno "asilia" havithibitishi kitu. Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, inaonyesha bidhaa imefuata viwango vya Kenya. Haisemi kwamba haidhuru mazingira. Tafuta chupa inayotaja viungo vyake vyote, isiyo na amonia, na ikiwezekana isiyo na rangi wala manukato, kwa kuwa hivyo viwili havisafishi chochote. Amonia hukereketa mapafu, na nyumbani kwenye mtu wa pumu hilo si jambo dogo. Huharibu pia plastiki ya tinti. Na katika mji huu mwamba wetu unapitisha maji: kinachomwagwa kwenye shimo la choo kinaweza kufika kisimani au baharini, na amonia ni sumu kwa samaki.

Hili nalisema kwa uzito: usichanganye siki wala dawa yenye amonia na dawa ya klorini ya kutolea madoa, ile wengi huiita jiki. Hutoa hewa ya sumu, na bafu nyingi za fleti zina kidirisha kimoja tu.

Fanya kazi asubuhi kabla jua halijapiga kioo, maana dawa ikikauka upesi huacha mistari. Tumia kitambaa cha maikrofaiba kinachofuliwa bila dawa ya kulainisha nguo.

Sisi tunakuja na maji yetu, siki, na chupa zile zile tunazojaza tena na tena. Madirisha ya upande wa bahari tunayaosha kila wiki mbili wakati wa kusi, na ya ndani mara moja kwa mwezi. Ukitupigia, tuambie kama maji yako ni ya kisima au ya mfereji, na kama vioo vina tinti. Hayo ndiyo yanayoamua tubebe nini.